Mbwa wa Miguu Mitatu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wako unayefuga mbwa aliyekatwa mguu, uwe Shangani, Mikindani, Lindi mjini au kwenye shamba la korosho huko Tandahimba. Wapo waliogongwa na pikipiki, wapo walionaswa na mitego ya waya iliyotegewa nguruwe pori. Mwezi wa kwanza kila mtu anamhurumia na kumwangalia. Tabu huja baadaye, mwaka wa pili au wa tatu, mbwa akishanenepa, kucha zimerefuka, na hakuna anayekumbuka tena kwamba miguu mitatu inafanya kazi ya minne. Majibu mengi hapa ni ya miaka hiyo.

Mbwa akikatwa mguu, ataishi muda gani?

Kukatwa mguu peke yake hakumpunguzii umri. Kama uliondolewa kwa sababu ya ajali na mwili uliobaki ni mzima, ataishi kama ambavyo angeishi na miguu minne. Kama sababu ilikuwa saratani ya mfupa, zungumza na daktari wa mifugo, maana hapo ugonjwa wenyewe ndio unaoamua. Baada ya upasuaji mbwa wengi husimama siku hiyohiyo au kesho yake, na ndani ya wiki chache hadi mwezi wanakuwa wameupata mwendo wao mpya.

Kuna tofauti kati ya kupoteza mguu wa mbele na wa nyuma?

Ipo, tena inagusa mambo mengi ya kila siku. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa ya nyuma. Aliyepoteza wa mbele amebakiwa na mguu mmoja wa kupokea mzigo wote huo, ndiyo maana kichwa chake kinapanda na kushuka kila hatua. Mteremko na ngazi za kushuka ndivyo vinavyomuumiza. Kila anaporuka kutoka barazani, bega moja na kiwiko kimoja ndivyo vinavyopokea kishindo. Mzuie asiruke, au mjengee njia ya mchanga uliofukiwa na mawe pembeni ashuke taratibu. Bakuli lake liweke juu ya matofali, usawa wa kifua, ili asiinamie chini kila anapokula.

Aliyepoteza wa nyuma hukimbia vizuri kuliko watu wanavyotarajia. Kwake kazi ni kupanda, kuruka juu na kugeuka ghafla, kwa sababu goti moja ndilo linalosukuma mwili mzima. Kano ya ndani ya goti hilo ikikatika, hana mguu mwingine wa kuegemea, na matibabu yake ni magumu. Kwa hiyo michezo ya kumrushia mpira hewani aruke na kujipinda, iache kabisa. Mrushie uburuzike chini. Mbwa dume huenda akaanza kuchuchumaa akikojoa kama jike. Huo si ugonjwa.

Nimlishe kiasi gani? Nyumbani kila mtu anamhurumia na kumwongezea.

Huruma ya bakuli ndiyo inayowaharibu mbwa wengi wa miguu mitatu, na hapa nitakaa kidogo. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 akifika kilo 18, ameongezeka asilimia 20. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni sawa na kubebeshwa mzigo wa kilo 14 kila anaposimama, asubuhi hadi usiku. Sasa ondoa mguu mmoja. Viungo vinalika, mbwa anaanza kulala sana kwa sababu ya maumivu, akilala sana ananenepa zaidi, na watu wa nyumbani wanasema masikini, tangu akatwe mguu amekuwa mvivu.

Mpime kwa mikono yako. Simama nyuma yake, weka viganja ubavuni. Mbavu unatakiwa uzihisi mara moja, bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu kiuno kiwe kimeingia ndani. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, punguza chakula kuanzia leo. Mara moja kwa mwezi mpime kwa mizani: panda wewe ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Wanaonunua ufuta na korosho wana mizani kubwa, ukiomba vizuri hawakunyimi. Andika tarehe na kilo kwenye daftari.

Ugali wa sembe au wa muhogo peke yake unashibisha na kunenepesha bila kujenga misuli, na misuli ndiyo inayoshikilia viungo vyake. Punguza ugali, ongeza dagaa, samaki aliyetolewa miiba, mayai, utumbo, maini kidogo. Gawa mara mbili kwa siku. Vipande unavyompa kwenye mazoezi vihesabu pia, uvitoe kwenye chakula cha jioni. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, chokoleti na muhogo mchungu mbichi asiguse. Korosho zina mafuta mengi: moja mbili si neno, lakini konzi nzima inaweza kumvimbisha kongosho. Na penye maganda ya korosho asizurure kabisa. Yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole vya wabanguaji yatababua ulimi na nyayo zake vilevile.

Nimtembeze muda gani kwa siku?

Mara nyingi, kwa muda mfupi. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni na mizunguko midogo ya uani katikati, kila siku, ni bora mara nyingi kuliko safari moja ndefu ya Jumapili anayorudi nayo hoi. Akiwa ndiyo kwanza anaanza, dakika tano zinatosha. Ongeza dakika moja au mbili kwa wiki. Akianza kukaa njiani, mguu ukitetemeka, hatua zikiwa fupi au mkia ukilegea, pumzikeni kivulini kisha mrudi. Kipimo nilichokuja kukiamini ni kesho yake asubuhi: akiamka amekakamaa na kusita kusimama, jana mlizidisha, na leo mwende nusu.

Usishangae kuona kutembea taratibu ni kugumu kwake kuliko kukimbia. Akikimbia kasi inambeba. Akitembea lazima kila msuli ufanye kazi. Changanya vyote viwili, ila dakika za kwanza na za mwisho ziwe za taratibu.

Na joto letu lisikupite. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na huyu anatumia nguvu zaidi kwa kila hatua. Tokeni kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Kabla ya kumpitisha kwenye lami, weka mgongo wa kiganja chini. Usipoweza kuhesabu hadi tano, nyayo zake pia hazitaweza. Novemba na Desemba, joto linapokuwa limeshika kabla mvua haijatulia, punguza matembezi bila kujilaumu. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, hewa imepoa na ardhi ni kavu: huo ndio wakati wa kumjenga. Akihema kupita kiasi, fizi zikawa nyekundu sana na akaanza kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, umpeleke kwa daktari.

Naweza kumpeleka baharini?

Mpeleke. Ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi, misuli inafanya kazi na viungo havipigwi. Subiri kidonda kifunge kabisa na nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku 10 hadi 14 baada ya upasuaji, na daktari akubali. Siku za mwanzo mwishie maji ya kifuani mwake. Pitisha kanga chini ya tumbo, shika ncha zote mbili juu ya mgongo, umwache apige miguu huku umembeba kidogo. Wengi mwanzoni huelemea upande mmoja na kuzungukazunguka, kwa sababu upande wenye mguu kamili unasukuma zaidi. Kanga ndiyo inayomnyoosha. Dakika tatu zinatosha. Maji yaliyotulia, kama ya ghuba ya Mikindani, ni bora kuliko penye mawimbi.

Mchanga wenyewe pia una siri yake. Maji yakipwa, ule mchanga mbichi ulioshikana ni uwanja mzuri kuliko barabara yoyote: mlaini kwa viungo, mgumu wa kutosha asizame. Mchanga mkavu wa juu unamzamisha na kumchosha haraka, usipite nao kwa muda mrefu. Epuka majabali yenye chaza, yanakata nyayo kama wembe, na tope la mikoko. Beba maji ya kunywa, kwa maana akinywa ya chumvi atatapika na kuharisha. Mkirudi, msuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Kisha kuna bunju. Nyavu zikipakuliwa, bunju hutupwa mchangani, na sumu yake inayoua watu inaua mbwa pia. Mbwa anayeokota kila kitu afungwe kamba fupi mpaka mpite penye mitumbwi. Na msiogelee mto Ruvuma, una mamba.

Wakati wa mvua, mazoezi gani tufanye ndani?

Udongo ukiteleza, hasa ule mwekundu wa Newala, asikimbizwe. Ndani, akiwa amesimama, shika kipande cha samaki puani pake, kivute polepole hadi ubavuni kushoto, subiri ukihesabu hadi tano akikifuata kwa shingo bila kuhamisha miguu, mpe. Kisha kulia, kisha chini kati ya miguu. Mwambie akae, asimame, akae, asimame, mara tano. Mwache asimame juu ya godoro laini dakika moja. Ule mtikisiko unafanya tumbo na mgongo vijikaze. Ni dakika saba kwa jumla, na huchoka kuliko watu wanavyodhani.

Nyayo zake nizikague mara ngapi?

Kila jioni. Ukiacha mengine yote ya ukurasa huu, hili usiache.

Kwetu kuna matekenya, na hupenda mchanga mkavu, vumbi la uani na majivu ambako mbwa hulala. Tekenya jike hujichimbia ndani ya ngozi, huvimba kwa mayai, na unachokiona ni uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati, mara nyingi pembeni mwa kucha au katikati ya vidole. Mbwa wa miguu minne akiumwa unyayo mmoja huuinua, akaenda kwa mitatu. Wako hana wa kuinua. Nimeona mbwa mwepesi kabisa akigoma kutoka nje, wenyewe wakaamini amekata tamaa ya maisha, kumbe alikuwa na matekenya manne kwenye unyayo mmoja wa mbele.

Mlaze ubavu, washa taa ya simu, fungua kidole kimoja kimoja. Tekenya mmoja au wawili unaweza kuwatoa kwa sindano safi iliyochemshwa, bila kuwapasua, ukaosha kwa sabuni na kupaka dawa ya kidonda yenye iodini. Wakiwa wengi, au pamevimba na kunuka, ni kazi ya daktari. Anapolala pafagie na kunyunyizia maji kila siku. Matekenya hayo ndiyo hayohayo yanayowaingia watoto, kwa hiyo kazi hiyo ni ya nyumba nzima.

Kucha nazo: akitembea juu ya saruji ukazisikia zinagonga, ni ndefu, na zinavipindua vidole kila hatua. Kata ncha kidogo kidogo. Kwenye kucha nyeusi usifike mbali, kuna mshipa wa damu ndani.

Kwa nini sikio la upande mmoja limejaa kupe?

Kwa sababu mguu wa nyuma uliokuwa ukilikuna haupo. Popi wangu alikatwa mguu wa nyuma wa kulia, na hadi leo akiwashwa sikio la kulia, nyonga ile tupu inatikisika haraka haraka hewani, anajikuna bila mguu. Sikio hilo, shingo upande huo na nyuma ya bega umekuwa wajibu wako: mkune, angalia ndani ya sikio, toa kupe kwa kuwashika karibu na ngozi na kuwavuta moja kwa moja. Tumia dawa ya kupe kwa kipimo cha mbwa. Dawa za kuogeshea ng'ombe na sindano za ng'ombe zilizokadiriwa kwa macho zimeua mbwa wengi.

Homa ya kupe inamdhoofisha mbwa yeyote, na kwa wa miguu mitatu udhaifu mdogo tu unamlaza chini. Akipoteza hamu ya kula, fizi zikapauka, akawa na joto au kutoka damu puani, apimwe damu. Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na ofisa mifugo wa kata atakuelekeza.

Anateleza ndani ya nyumba. Nifanye nini?

Marumaru na saruji iliyosuguliwa hazimfai. Tandika mpira: mipira ya sakafu ya gari, au vipande vya gunia vilivyoshonwa juu ya mpira wa tairi la baiskeli visitembee. Mkeka mtupu unateleza naye. Nywele zilizoota kati ya nyayo zipunguze. Pa kulala pawe laini, kwani kiwiko na nyonga hubeba uzito ule ule akiwa amelala upande mmoja, na ngozi hapo huota sugu kisha kidonda. Godoro dogo la sufi linamfaa sana.

Alikuwa mlinzi wa shamba la korosho. Anaweza kuendelea?

Kulinda, ndiyo. Masikio na pua havikukatwa, na sauti yake bado inamwamsha mwizi na kumrudisha. Kufukuza ngedere uwanjani kwa mbio fupi, anaweza akishakuwa imara. Nguruwe pori, hapana: nguruwe akigeuka, mbwa anahitaji kuruka pembeni kwa ghafla, na hilo ndilo asiloliweza tena.

Siku za kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, abaki nyumbani. Ule unga unaelea chini, usawa wa pua yake, unawasha macho na kifua, na unaobaki miguuni ataulamba.

Anaonekana ana maumivu. Naweza kumpa dawa zetu?

Usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, hata kwa dozi inayoonekana ndogo. Parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu yake. Hizi zinauzwa kila duka, ndiyo maana nasisitiza. Zipo dawa za wanyama, kama meloksikamu na kaprofeni, ambazo daktari hupima kwa uzito wa mbwa. Akizitumia muda mrefu, afuatiliwe. Zisichanganywe na nyingine.

Miezi ya mwanzo mbwa anaweza kupiga kelele ghafla na kugeukia mahali mguu ulipokuwa. Maumivu hayo ni ya kweli, mishipa ya fahamu bado inatuma taarifa, na yana dawa. Mweleze daktari, hata ikiwezekana mpige video kwa simu.

Mimi ni Mwislamu. Nitamsaidiaje bila kupata najisi kila mara?

Wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, ambamo najisi ya mbwa huhama kwa umajimaji; mbwa mkavu akikugusa ukiwa mkavu haihami. Panga kazi zake kwa msingi huo. Kagua nyayo na mbavu akiwa mkavu, vaa glovu ndefu unapomwogesha au kumtoa tekenya, uwe na kanga na nguo maalumu za kazi hiyo, mfundishe kufuata sauti na kamba badala ya kushikwa. Chakula cha mazoezi kiweke juu ya kijiko kirefu cha mti. Mbwa wa ulinzi na wa shamba anaruhusiwa kufugwa, na kumtunza ni jukumu la mwenye naye. Ukiwa na shaka juu ya hukumu, muulize shehe wako.

Watoto wa mtaani wanamcheka na kumrushia mawe.

Nenda kwa wazazi wao, na uende mapema. Kisha waite watoto wenyewe, waonyeshe anavyokaa akiambiwa akae, wampe kipande cha dagaa kwa mkono ulionyooshwa. Mtoto aliyewahi kumlisha mbwa harushi jiwe kirahisi. Ikiendelea, mjumbe na serikali ya mtaa wapo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama. Mbwa wako huyu hawezi kukimbia haraka akishambuliwa na mbwa wengine pia, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, ulizia halmashauri.

Vipi kuhusu mguu bandia au kigari?

Wengi hawahitaji. Mguu bandia unataka kipande cha mguu kilichobaki, na kwa kawaida madaktari hukata juu kabisa, kwa sababu kipande kirefu hugongwa chini na kufanya kidonda. Kigari ni kwa aliyepoteza nguvu za miguu miwili au aliyezeeka sana.

Amezeeka. Nitajuaje kwamba sasa ni zaidi ya uzee?

Kuanzia miaka saba hivi, mpeleke kwa daktari mara mbili kwa mwaka na mwambie apime viungo vilivyobaki na mgongo. Angalia mambo madogo: anasita kabla ya kusimama, ameacha kukupokea getini, analamba kifundo kimoja mpaka manyoya yamebadilika rangi, misuli ya paja imepungua upande mmoja. Hayo ni maumivu, na mengi yanatibika kwa dawa, kupunguza uzito na matembezi mafupi zaidi. Usimpumzishe kabisa, maana misuli ikiisha hairudi. Mfungie kanga chini ya tumbo umsaidie kuinuka asubuhi, ndani ya dakika chache viungo hupata joto akaenda mwenyewe. Ikifika hawezi kusimama hata akisaidiwa, hali chakula, na dawa hazimtulizi, mwombe daktari amlaze usingizi wa mwisho bila maumivu. Ni haki yake kutoteseka.

Daktari yuko mbali. Nimsafirishe vipi?

Bajaji, siyo bodaboda. Kwenye pikipiki hana namna ya kujishikilia, na breki moja inaweza kumvunja mguu mwingine. Tandika godoro lake chini kwenye bajaji, mlaze kwa upande ule uliokatwa ili mguu uliobaki upande wa pili uwe juu na huru, kaa naye, mwambie dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Akishuka mbebe, asiruke. Usimlishe saa chache kabla, asitapike, ila maji apewe. Chukua lile daftari la uzito na kadi ya chanjo. Tatizo likihitaji upasuaji mkubwa, daktari wako anaweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Piga simu kwanza uulize siku ya kufika, kisha ndiyo utafute gari.